Likasi-Panda: Kutengeneza jino la mbele si anasa, na koleo si dawa ya kila jino

LIKASI. Mtu akivunjika jino la mbele katika komini ya Panda, mara nyingi hupewa moja ya majibu mawili. Jibu la kwanza ni koleo: ling'olewe, maumivu yaishe, arudi nyumbani. Jibu la pili ni maneno: avumilie, kwa sababu kutengeneza jino la mbele ni urembo, ni mambo ya watu wenye dola, na mtu aliyekimbia vita na godoro moja na sufuria mbili hana haki ya kufikiria urembo. Majibu yote mawili ni mabaya. La pili ni baya zaidi, kwa sababu ndilo linalolilinda la kwanza.

Isemwe wazi ni jino gani linalozungumzwa. Si gego lililooza mpaka likabaki kisiki na jipu chini yake. Gego la namna hiyo mara nyingi haliokoki, na koleo ni halali yake. Linalozungumzwa ni jino la mbele lililokatika kona. Kijana ameanguka na pikipiki kwenye mashimo ya barabara. Mtoto amegongana na mwenzake wakicheza mpira. Mama ameteleza na bidoni ya maji, ukingo ukampiga mdomoni. Baba amepigwa kitako cha bunduki njiani akikimbia Mitwaba. Na mwingine, bila kufichana, amefungua chupa ya Simba kwa meno mbele ya marafiki. Mzizi wa jino ni mzima na ufizi ni mzima. Kinachokosekana ni kipande kidogo kama punje ya mahindi. Kung'oa jino zima kwa ajili ya punje hiyo ni kubomoa nyumba kwa sababu upepo umechukua bati moja.

Njia ya kulijenga upya ipo, tena si mpya. Mwaka 1955 munganga wa meno wa Marekani, Michael Buonocore, alionyesha kwamba asidi ya fosforiki ikipakwa juu ya jino kwa muda mfupi sana inaacha vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na plastiki inaweza kushika humo kama saruji inavyoshika ukuta uliokwaruzwa. Miaka michache baadaye Mmarekani mwingine, Rafael Bowen, alitengeneza resini ngumu iliyochanganywa na unga laini wa madini, na mwaka 1962 akaipatia hati ya uvumbuzi. Kutoka kwa watu hao wawili ndipo ilipotoka kazi ambayo leo hufanyika kila siku katika miji mingi ya Afrika: kujenga jino kwa resini.

Kazi yenyewe haina siri. Munganga husafisha jino. Huchagua rangi inayofanana na meno jirani wakati jino bado lina unyevu, maana likikauka huonekana jeupe kuliko lilivyo. Huzuia mate kwa pamba au kwa kitambaa cha mpira, kisha hupaka ile asidi kwa sekunde chache, husuuza kwa maji, hukausha, na kupaka maji ya gundi ya meno. Baada ya hapo huweka resini tabaka kwa tabaka, kila tabaka lisizidi unene wa milimita 2 hivi, na kila moja hukaushwa kwa taa ya mwanga wa buluu. Mwishoni huchonga na kung'arisha. Kwa kona iliyokatika bila kufika kwenye mshipa, mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Mtu anaingia na pengo, anatoka na jino siku hiyo hiyo. Kazi iliyofanywa vizuri hukaa miaka, mara nyingi mitano na zaidi. Chai nzito, kahawa na tumbaku huibadilisha rangi, na anayerudia kufungua chupa kwa meno ataivunja tena. Lakini ikivunjika inaongezwa juu yake. Jino lililong'olewa haliongezwi kitu.

Wanaosema hayo ni urembo wana ugomvi na OMS, si na maskini wa Panda. Shirika hilo la Afya Duniani lina orodha ya dawa za lazima, yaani vile vitu ambavyo nchi yoyote, hata iliyo maskini, inapaswa kuwa navyo kwa watu wake. Mwaka 2021 liliingiza humo dawa ya meno yenye floridi na saruji ya meno ya kuzibia matundu. Mwaka 2023 likaiongeza resini ya meno. Iko katika orodha moja na dawa za malaria na sindano za kina mama wanaojifungua. Ni kweli kwamba iliingizwa hasa kwa ajili ya kutibu meno yaliyooza. Lakini resini inayoziba tundu la gego na ile inayojenga kona ya jino la mbele ni jamaa moja, na taa inayozikausha ni ile ile. Aliye na moja mkononi hana sababu ya kukataa nyingine, isipokuwa ameshaamua moyoni kwamba mdomo wa maskini haustahili.

Wazee hupenda kumaliza mjadala huu kwa methali: jino la pembe si dawa ya pengo. Husemwa kwa sauti ya hekima, na kijana aliyevunjika jino hunyamaza. Methali ni nzuri, ila imeshikwa upande usiofaa. Inasema kwamba pengo likishakuwepo, hata pembe ya ndovu hailitibu. Basi mwenye kuiamini angekuwa wa kwanza kuzuia pengo lisitokee. Angeuliza kabla koleo halijatoka kwenye sahani: hili haliwezi kuzibwa? Kuitumia methali hiyo kumfariji mtu ambaye jino lake zima limetolewa bila sababu ni kumchekelea.

Tena si kweli kwamba kujali meno ya mbele kumeletwa na Wazungu. Makabila mengi ya Kongo yalikuwa yakichonga meno ya mbele zamani, na aliyechongwa vizuri alitazamwa. Desturi hiyo imeachwa, na ni vema iachwe, kwa sababu ngozi ngumu ya jino ikishachongwa hairudi. Lakini asisimame mtu kusema kwamba mababu hawakujua uso wa mtu unaanzia wapi.

Barabara kutoka Lubumbashi kuja Likasi inapita karibu na Shilatembo, mahali Patrice Lumumba alipouawa usiku wa tarehe 17 Januari 1961 pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Miili iliyeyushwa kwa asidi. Kilichobaki cha Lumumba ni jino moja lenye kifuniko cha dhahabu, ambalo polisi wa Kibelgiji aliondoka nalo, na Ubelgiji ililirudisha kwa familia tarehe 20 Juni 2022. Jino hilo likazungushwa nchini, watu wakasimama kando ya barabara kulipokea, na wengi walilia. Katika kilio kile, jambo moja halikusemwa sana: jino lile lilikuwa limetengenezwa. Munganga fulani wa meno alilifunika kwa dhahabu ili libaki mdomoni. Hakuna aliyewahi kusema Lumumba alikuwa anajipamba.

Anayepoteza zaidi kwa kung'olewa jino la mbele ni kijana. Mfupa ulioshika mzizi huanza kupungua, meno ya jirani hulalia kwenye nafasi, na baada ya miaka michache hata jino la bandia halikai sawa. Maneno yenye f na v hutoka na upepo. Lakini muulize yeye mwenyewe, hatataja mfupa. Atataja mkono. Ameshazoea kuweka mkono mdomoni kila anapocheka, na kila anayezungumza naye anafikiri anaficha jambo. Mwenye duka anayetafuta mtu wa kukaa kwenye kaunta atamchagua mwingine na hatasema kwa nini. Msichana ataacha kwaya. Mwanafunzi ataacha kuinua kidole darasani, na mwalimu ataandika kwamba hajui.

Kwa familia zilizokimbia makwao mzigo ni mara mbili. Mtu aliyefika Panda bila jamaa, bila kadi ya uchaguzi ya hapa, bila mtu wa kumshuhudia, hana mdhamini mwingine ila uso wake. Kwa uso huo huomba chumba cha kupanga, kazi ya siku, deni la unga dukani. Pengo la mbele mahali pageni husomwa vibaya: huyu alipigwa kwa wizi, huyu ni mtu wa lutuku, huyu alikuwa mporini na bunduki. Ukweli ni kwamba huenda alipigwa akimkinga mtoto. Likasi ingepaswa kulijua hili kuliko miji mingine. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya familia za Wakasai zililala stesheni na katika shule za mji huu zikingoja treni, na waliowaona wanajua jinsi watu hutazamwa wakishaitwa wa kuja. Leo wanaofika ni wengine. Kuwaambia kwamba meno yao ni jambo la baadaye, baada ya chakula, baada ya turubai, baada ya kila kitu, ni kuwaambia kwamba baadaye hiyo haitafika.

Urembo wenye hatari upo, na huo hausemwi sana kwa sababu unalipwa taslimu. Ni ule wa kuchukua meno mazima na kuyaharibu ili yafanane na picha ya kwenye simu. Mtu asiye na shahada, mwenye kiti cha saluni na mashine ndogo ya kuchongea kucha, humkalisha msichana wa miaka 18, humkwangua ngozi ya meno sita yasiyo na ugonjwa wowote, kisha humbandikia vipande vyeupe. Wengine hutumia gundi ya dukani, ile ya kubandikia soli za viatu na vyombo vilivyopasuka. Gundi hiyo haikutengenezwa kukaa mdomoni. Inachoma ufizi, na haizibi vizuri, kwa hiyo uchafu huingia chini yake na jino huoza gizani bila mwenyewe kuona. Kuna wanaosugua meno kwa maji ya javeli yapate weupe. Javeli ni ya sakafu na choo. Msichana akirudi baada ya miezi na uso uliovimba, fundi amehama kartie, na hapo tena jibu ni koleo, sasa kwa meno sita.

Wapo wanaotumia visa hivyo kusema: mnaona, ndiyo sababu watu wasiguse meno yao. Ni kinyume chake. Mafundi hao wamepata nafasi kwa sababu kituo cha afya kimeacha nafasi. Mahali ambapo mtu mwenye jino lililovunjika hupata kazi halali kwa bei anayoweza, mwenye gundi hana wateja. Mahali ambapo kituo kina koleo peke yake, mwenye gundi huonekana mwokozi, maana yeye angalau hang'oi.

Zipo sababu tatu zinazotolewa kila mara kueleza kwa nini haiwezekani. Ya kwanza ni umeme. Kila mtu Panda anajua umeme unavyokatika, kwa hiyo sababu hiyo inaaminika haraka. Lakini taa ya buluu ya kukaushia resini ni kifaa kidogo cha kushika mkononi, na nyingi hutumia betri inayochajiwa kama simu. Wenye vibanda vya kuchaji simu kwa sola wamejaa kila kartie. Kituo kinachoshindwa kuchaji taa moja kimeshindwa na jambo jingine, si umeme.

Ya pili ni asidi. Watu wakisikia kwamba jino hupakwa asidi hushtuka, na katika mji huu wana haki ya kushtuka, kwa kuwa wanaona malori yanayoibeba kwenda migodini na wanajua inavyofanya ngozi. Asidi ya munganga wa meno ni nyingine. Ni jeli kidogo ya fosforiki, hukaa juu ya jino sekunde 15 mpaka 30, kisha husuuzwa. Ikiwa kuna asidi ya kuogopwa kwa ajili ya meno ya Likasi, ni ile ya sulfuri. Waganga wa meno wamejua tangu zamani kwamba mvuke wa asidi hiyo hula meno ya mbele ya wafanyakazi wa elektrolizi na wa viwanda vya betri, kwa kuwa ndiyo yanayokutana na hewa mtu akifungua mdomo kusema. Jino hupungua kidogo kidogo, ncha huwa nyembamba, kisha hukatika. Shituru imechakata shaba kwa asidi tangu 1929. Wazee wangapi walizikwa na meno yaliyoliwa nusu wakiambiwa ni uzee? Meno ya namna hiyo ndiyo resini inayoweza kuyafunika kabla hayajaisha, na hakuna mtu mwenye akili anayeweza kuuita urembo ukarabati wa jino lililoharibiwa na kazi.

Ya tatu ni bei, na hii ni ya kweli. Anayetaka kazi nzuri ya resini mara nyingi hutumwa Lubumbashi, kilomita 120 hivi. Alipie gari kwenda na kurudi, kisha asikie bei ikitajwa kwa dola. Mama anayeuza lengalenga sokoni hawezi. Ila inafaa kuuliza bei hiyo inatoka wapi. Resini inayotumika kwa kona moja ya jino ni kidogo, haijazi hata kifuniko cha chupa ya soda. Kinachogharimu ni munganga aliyesoma, na hao ni wachache kweli: kwa hesabu za OMS, kanda ya Afrika ina waganga wa meno wapatao 3 kwa kila watu 100,000. Wakiwa wachache hivyo, wanakaa kwenye miji mikubwa na wanahudumia wenye dola. Hapo ndipo shida ilipo, na dawa yake imeshajaribiwa karibu.

Katikati ya miaka ya 1980, huko Tanzania, munganga wa meno Mholanzi aitwaye Jo Frencken na wenzake walikuta vijiji bila umeme, bila mashine, na meno yanang'olewa kwa wingi. Wakaanza kukwangua uozo kwa vyombo vya mkono na kuziba tundu kwa saruji ya meno inayokauka yenyewe. Njia hiyo ikajulikana kwa herufi ART, na mwaka 1994, mwaka ambao Siku ya Afya Duniani ilihusu afya ya kinywa, OMS iliitangaza. Haihitaji kiti cha umeme. Muuguzi anaweza kufundishwa. Haitoshi kwa kona iliyokatika ya jino la mbele, kwa sababu saruji ile ni dhaifu ukingoni na rangi yake haifichiki, lakini inaokoa magego, na kituo kinachojua kuziba kwa saruji kiko hatua moja tu mbali na kujenga kwa resini. Kilichofanyika vijijini Tanzania miaka 40 iliyopita kinaitwaje hakiwezekani katika mji wa viwanda?

Panda haikuwa hivi siku zote. Enzi za Union Minière, na baadaye Gécamines, mfanyakazi na familia yake walitibiwa kwa kampuni. Nani hakuwa na malalamiko? Lakini kadi ya baba ilifungua mlango. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondolewa katika ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, uliogharimiwa na Benki ya Dunia, na kwa familia nyingi mlango ule ulifungwa siku ile ile. Watoto wa watu hao sasa ni wazazi. Wamekulia katika mji ambamo matibabu ya meno yana maana moja, na wanadhani ndivyo dunia ilivyo. Wasidhani hivyo. Walichukuliwa kitu.

Na pesa, je? Sheria ya migodi ilirekebishwa mwaka 2018. Inasema kwamba katika ushuru wa madini unaolipwa na makampuni, asilimia 15 iende kwa komini, sekta au utawala wa kimila ambamo mgodi uko, na asilimia 25 iende kwa jimbo. Juu ya hapo, kampuni inatakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Malori yanapita usiku na mchana. Kila mwaka yanasikika majengo, viti, bendera na sherehe za kuweka jiwe la msingi. Lini imesikika kwamba komini fulani ya Likasi imenunua taa ya buluu, resini na saruji ya meno kwa kituo chake cha afya, na imempeleka muuguzi wawili kusoma? Gharama yake haifikii gari moja la mkubwa. Wakuu wa komini, meya, eneo la afya na makampuni hawahitaji mkutano mwingine kwa hilo. Wanahitaji kuandika mstari mmoja kwenye bajeti, na wakazi wana haki ya kuomba kuuona mstari huo.

Mashirika yanayosaidia wakimbizi wa ndani nayo yajiulize. Sanduku la msaada lina sabuni, ndoo, turubai, wakati mwingine mswaki. Mswaki ni mzuri. Lakini aliyepigwa njiani mswaki haumrudishii kitu, na kliniki ya kutembea inayobeba koleo inaweza kubeba resini katika mfuko huo huo.

Wakati hayo yanangojwa, mtu asikubali kupoteza kinachoweza kuokolewa. Jino likikatika, kipande kisitupwe. Kitafutwe, kiwekwe kwenye maziwa au maji safi, kipelekwe pamoja na mwenyewe. Mara nyingine munganga hukibandika kipande chenyewe kwa resini na hakuna rangi inayofanana zaidi ya hiyo. Jino zima la mtu mkubwa likitoka na mzizi wake, lishikwe upande wa kutafunia, mzizi usiguswe wala kusuguliwa. Lisuuzwe kidogo, lirudishwe kwenye shimo lake au liwekwe kwenye maziwa, na mtu akimbizwe kwa munganga kabla saa moja haijapita. Jino la utoto lisirudishwe. Mahali palipokatika pakionyesha doa jekundu, mshipa umefunguliwa: hapo mshipa hutibiwa kwanza, na anayetaka kufunika kwa resini juu yake bila tiba anafunika jipu la kesho. Uso ukivimba kwa homa, na kumeza au kupumua kukawa kugumu, ni hospitali usiku huo huo.

Na mtu akishakaa kwenye kiti, kabla ya sindano, aulize: munganga, mzizi wa jino hili ni mzima? Akijibiwa ndiyo, aulize tena kwa nini basi ling'olewe. Ikiwa jibu ni kwamba kituo hakina resini, aombe jibu hilo liandikwe kwenye karatasi yake ya matibabu, kwa tarehe na muhuri. Karatasi 20 za namna hiyo zikifika mezani kwa mkuu wa komini, hatakuwa tena na nafasi ya kusema kwamba hakuna aliyelalamika.